Anza na Viti: Mhadhara juu ya Rangi za Datsun 240Z



Nimeombwa nizungumzie rangi. Mada hii huonekana nyepesi mpaka siku ile gari limevuliwa kila kitu, bodi imebaki chuma na praima, na fundi anakuuliza, "Haya mzee, tunapiga rangi gani?" Wengi hulijibu swali hilo kwa kunyoosha kidole kwenye kadi ya rangi ya dukani. Gari likishapakwa hupelekwa kwa fundi wa viti, na huko swali linakuwa ana reksini gani iliyobaki. Nasema mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Rangi ya nje na rangi ya ndani ni uamuzi mmoja, na uamuzi huo unapaswa kuanzia ndani. Hakuna mwanamke wa pwani anayechagua mji wa kanga leo, halafu akarudi dukani wiki ijayo kutafuta pindo.

Nitazungumza kupitia gari moja, kwa sababu ushauri wa rangi usio na gari mbele yake hauna maana. Gari hilo ni Datsun 240Z. Nissan walilionyesha Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na mwaka uliofuata likaanza kuuzwa Marekani kwa dola 3,526. Lina siti mbili, injini ya silinda sita ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, boneti ndefu kuliko inavyohitajika, na kioo kikubwa cha nyuma kilicholala juu ya mlango wa buti. Lilitengenezwa hadi 1973, kisha wakafuata wadogo zake wenye injini kubwa zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki gari hili si mgeni. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, na kila kijiji cha kando ya barabara kilikuwa na shabiki wake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya 240Z, na nyuma yao wakaja Shekhar Mehta na Mike Doughty ndani ya 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda mwenyewe, safari hii akisomewa njia na Lofty Drews. Alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla, lakini ushindi wa kwanza aliupata kwa gari hili.

Magari hayo ya kiwanda yalipakwa nyekundu, na boneti ikapakwa nyeusi isiyong'aa. Picha yake imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba mtu akipata 240Z, hata iliyotoka Japani jana ikiwa haijawahi kukanyaga murami, wazo lake la kwanza ni nyekundu na boneti nyeusi. Naomba tulitazame wazo hilo kwa makini kabla hatujalifuata.

Ile nyeusi ilikuwa zana ya kazi. Boneti ya 240Z ni ndefu na imelala karibu bapa mbele ya macho ya dereva. Jua la mchana likiipiga boneti inayong'aa, mwanga wote unarudi kwenye kioo cha mbele. Usiku, taa kubwa za ziada zinapowekwa mbele, mng'aro wake nao unarudi vilevile. Dereva anayekwenda kasi kwenye vumbi, akitafuta shimo au ng'ombe, hawezi kuvumilia hilo hata kidogo. Kwa hiyo nyeusi isiyong'aa ilimsaidia kuona.

Sasa litazame gari lenyewe likiwa limesimama. Katikati ya boneti pana mwinuko mrefu, unaanza karibu na pua na kupanda taratibu kuelekea kioo. Pembeni mwake chuma kinashuka, kisha kinapanda tena kwenye mabega ya tairi za mbele. Hapo ndipo uzuri wa 240Z ulipo, na unaonekana kwa sababu moja tu: mwanga unateleza juu ya rangi inayong'aa, unaangaza huku na kuacha kivuli kule. Ukipaka nyeusi isiyong'aa, mwanga haupati pa kuteleza. Mwinuko unapotea, na sehemu nzuri kuliko zote inageuka kuwa kitu bapa. Mimi nasema hivi: kama gari lako litakimbia mashindano ya magari ya zamani, paka boneti nyeusi, una sababu ile ile waliyokuwa nayo kina Herrmann. Kama litaendeshwa Jumapili kwenda Naivasha na kurudi, iache boneti ipate rangi ya bodi.

Baada ya hapo twende kwenye rangi za kiwandani. Kila 240Z ilipakwa rangi yenye namba ya tarakimu tatu. Namba 110 ni nyekundu. Namba 904 ni nyeupe, 901 ni ya fedha, 903 ni buluu ya metaliki, 907 ni kijani ya metaliki iliyokolea, 918 ni rangi ya chungwa, 919 ni manjano. Na ipo 920, dhahabu ya metaliki, ambayo wapenzi wa gari hili duniani kote huiita Safari Gold. Ndani kulikuwa na nyeusi, nyeupe, buluu, nyekundu, na ile kahawia ya asali. Si kila rangi ya nje ilipewa kila rangi ya ndani; watu wa kiwandani walikwishafanya nusu ya kazi ya kuchagua.

Kabla hujachagua chochote, tafuta gari lako lilizaliwa na rangi gani. Hii ni kazi ya kipelelezi, na ina raha yake. Usiamini kilicho nje, maana gari la miaka zaidi ya hamsini huenda limepakwa mara tatu au nne. Ng'oa kapeti. Toa taa za nyuma uangalie chuma kilicho nyuma yake. Chungulia chini ya dashibodi, ndani ya milango, chini ya zile plasta nene za kuzuia sauti zilizobandikwa sakafuni. Mpaka rangi wa baadaye huwa hafiki huko. Ukikuta mahali pana rangi ya kwanza ambayo haijaguswa na jua, isafishe taratibu, ing'arishe kidogo, kisha mpelekee mchanganya rangi mwenye kifaa cha kupima. Kipimo hicho ni bora kuliko namba peke yake, kwa sababu namba moja ya mwaka 1970 ina mapishi mengi katika makampuni ya rangi ya leo, na hayafanani.

Je, ukishaijua rangi ya kuzaliwa, ni lazima uirudishe? Hapa mafundi na wenye magari hugombana sana. Anayelipeleka gari lake kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, atataka kila kitu kiwe kama lilivyotoka kiwandani, na ana haki. Upande wangu, sishurutishi. Ila nashauri kwa nguvu kwamba usitoke nje ya orodha ya wakati wake. Rangi za miaka ya mwanzo ya sabini zilitengenezwa kwa ajili ya maumbo ya miaka ile. Ukilipaka 240Z ile kijivu nzito isiyo na metaliki iliyojaa kwenye magari mapya ya siku hizi, au nyeupe ya leo yenye baridi ya kibuluu, umbo na rangi vinaanza kuvutana, na hata asiyejua lolote kuhusu magari ataona kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hatakuambia ni nini.

Sasa tuingie ndani, ambako nilisema ndiko kwa kuanzia.

Fungua mlango wa 240Z. Jambo la kwanza: dashibodi ni nyeusi, hata kama viti ni vyeupe au vya kahawia. Waliofanya hivyo hawakupungukiwa na rangi. Dashibodi ya rangi nyepesi hujiakisi kwenye kioo cha mbele, na kioo cha 240Z kimelala sana, hivyo dereva angekuwa anatazama barabara kupitia picha ya dashibodi yake. Mafundi wa viti, nawasihi, mteja akiwaambia mumfunike dashibodi kwa ngozi nyeupe ili ilingane na viti, mkatalieni kwa upole na mumweleze sababu.

Jambo la pili: usukani ni wa mfano wa mbao. Kwa hiyo kahawia moja tayari imo ndani, hata kama hukuichagua. Jambo la tatu, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote: juu ya kichuguu cha gia katikati, na nyuma kwenye vile vichuguu viwili vinavyofunika sehemu za juu za springi, kuna reksini iliyoshonwa vipande vyenye umbo la almasi. Vile vya nyuma vinaonekana kutoka nje. Simama nyuma ya gari, tazama kupitia kile kioo kikubwa, na utaona vichuguu viwili, sakafu ya mizigo na migongo ya viti. Ukitembea nyuma ya gari lako sokoni, rangi ya nje na ya ndani zinaingia jichoni kwa pamoja. Ndiyo maana ukichagua nje bila ndani unakuwa umechagua nusu ya gari.

Basi chukua kipande cha reksini kabla ya tone la rangi kununuliwa. Fundi hodari atakupatia vipande vya ukubwa wa kiganja. Kikubwa zaidi ni bora. Kiweke kwenye kiti, ukae juu yake gari likiwa juani. Reksini nyeusi katika joto la Dar es Salaam au Mombasa inachoma mapaja, na 240Z nyingi hazikuwa na kiyoyozi. Nyeupe inapoa vizuri lakini inanyonya buluu ya suruali za jinzi, na doa lile halitoki. Kahawia ya asali haichomi kama nyeusi wala haichafuki kama nyeupe, na inaelewana na usukani. Ningekuwa na gari la kuendeshwa pwani, mjadala wa ndani ungeishia hapo, kisha ningeanza kutafuta rangi ya nje inayoitaka kahawia hiyo.

Mwanga nao una sauti yake. Karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini. Kivuli cha gari kinajikunja chini ya gari lenyewe, boneti na paa vinawaka, na ubavu unabaki gizani. Rangi ya metaliki ina chembe ndogo za alumini zinazolala ndani ya rangi kama vioo vidogo, kwa hiyo saa sita kijani ile ile moja inakuwa karibu nyeupe juu ya boneti na karibu nyeusi mlangoni. Asubuhi na jioni, jua likiwa la ubavu, rangi hiyo hiyo inafunguka na kila mkunjo wa bodi unaonekana. Rangi isiyo na metaliki, kama ile ya chungwa au manjano, haina maajabu ya jioni, lakini saa sita inasimama imara. Anayeliendesha gari lake mchana, mjini, afikirie hilo. Anayelitoa jioni kwenda ufukweni, metaliki itamlipa.

Halafu kuna vumbi. Vumbi jekundu la murami juu ya kijani iliyokolea linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Juu ya rangi ya chungwa karibu halionekani kabisa, na juu ya ile dhahabu ya 920 linaungana nayo vizuri sana. Mawe nayo yanabandua rangi kwenye pua na nyuma ya tairi, na kiraka cha metaliki kinajulikana daima, kwa sababu chembe zake hulala kufuatana na mkono na upepo wa bomba la siku ile. Rangi ya kawaida fundi anaweza kuigusia na usijue.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kupaka, na usijaribu kwenye kadi. Tafuta madigadi ya zamani au mlango uliotupwa, kitu chenye mviringo. Kipakwe rangi unayoifikiria, na klia, ile vanishi angavu ya juu, kama rangi yenyewe inaitaka. Kitoe nje alfajiri, saa sita na magharibi, kisha kiangalie chini ya taa ya gereji. Rangi mbili zinazolingana juani zinaweza kuachana kabisa chini ya taa. Kando yake weka kile kipande cha reksini, na ukiweke nyuma ya kioo, maana ndivyo macho yatakavyokiona gari likikamilika. Rangi inayokuchosha baada ya kuitazama wiki mbili itakuchosha zaidi juu ya gari zima.

Kuhusu nyekundu nina neno la ziada, kwa kuwa inapendwa. Nyekundu za zamani zisizo na klia zilikuwa zikififia juani hadi zikawa na weupe wa unga, na ukizing'arisha kitambaa hutoka chekundu. Za leo ni bora, hasa zikifunikwa kwa klia yenye kinga ya jua, lakini klia hafifu ikipigwa nyembamba hubanduka paani na kwenye boneti, na hakuna dawa isipokuwa kukwangua na kuanza upya. Kama fundi wako anapunguza bei kwa kupunguza klia, mlipe tofauti hiyo aiongeze.

Na kuhusu fundi mwenyewe. Rangi nyingi za kisasa huchanganywa na kigumishi chenye isosianati. Mvuke wake unaharibu mapafu, na mtu anaweza kupata pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Anahitaji kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje ya chumba cha kupakia, na kijana anayemshikia bomba pembeni anahitaji pia. Mwenye gari akiingia gereji na kukuta vijana wamefunga shati puani, asikae kimya kwa sababu si yeye anayepaka.

Magari mengine yanatufundisha nini? Nitayataja mawili. Mercedes-Benz 300 SL, ile ya 1954 yenye milango inayofunguka kama mabawa, nyingi zilitoka kiwandani kwa kijivu cha fedha, namba DB 180. Wajerumani walikuwa wamekwishajulikana kwa fedha kwenye mashindano tangu miaka ya thelathini, kama Waitalia walivyojulikana kwa nyekundu, Waingereza kwa kijani na Wafaransa kwa buluu. Lakini ndani ya gari lile la fedha walitandika viti vya kitambaa cha mirabaraba, buluu, kijani au nyekundu. Fedha ni rangi baridi, na wale wahandisi waliona kwamba ndani lazima pawe na uhai. Mwenye 240Z ya 901 anayeweka ndani nyeusi, kwa kuwa magari yote ya leo ya fedha yana ndani nyeusi, ananyima gari lake kitu hicho. Ningemwekea nyekundu, bila kusita.

La pili ni Jaguar E-Type. Lilionyeshwa Geneva Machi 1961, na lile la paa lililobeba namba 9600 HP lilikuwa kijivu cha chuma cha bunduki. E-Type unaweza kuipaka nyekundu na kuiwekea ngozi nyekundu, hasa ile isiyo na paa, na ikapendeza, kwa sababu ina kromu ya kutosha kuitenganisha nje na ndani, na ngozi yenyewe ina vivuli vyake. Wengi huiiga nyekundu juu ya nyekundu kwenye 240Z na kushangaa kwa nini inaonekana nzito. Sababu ni kwamba 240Z ina kromu kidogo, reksini haina kina cha ngozi, na paa lipo. Nyekundu ya 110 inataka ndani nyeusi.

Sasa mtaniuliza ninachokipenda mwenyewe, na sitawaficha. Kijani ya 907 na kahawia ya asali naiweka mbele ya zote. Kijani ile ina ubaridi wa msitu na metaliki inayofunguka jioni, na kahawia inauleta usukani katika familia moja na viti. Dhahabu ya 920 na kahawia inakuja karibu sana. Kuna wanaosema ni joto juu ya joto, lakini wanaisahau ile dashibodi nyeusi inayokaa katikati na kuyapa macho mahali pa kupumzika. Chungwa ya 918 na ndani nyeusi ni sahihi na ya furaha, nami ningempa kijana gari lake la kwanza la zamani likiwa hivyo, kwa sababu linaonekana barabarani na linavumilia vumbi. Nyeupe na buluu ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Manjano na ndani nyeupe siipendi hata kidogo.

Kabla ya kupaka, acheni mahali pamoja pabaki na rangi ya kwanza. Kipande cha ukubwa wa kitabu kinatosha, sakafuni chini ya gurudumu la akiba au nyuma ya taa, kifunikwe vizuri fundi asikiguse. Kisha andikeni namba ya rangi mpya, kampuni iliyoitengeneza, mapishi yake, mwezi na mwaka, pamoja na kipande cha reksini, mvitie kwenye bahasha ya plastiki ndani ya gari. Gari hili litapakwa tena siku moja, huenda na mtu ambaye bado hajazaliwa, naye atahitaji kujua alianzia wapi.

Nimemaliza upande wangu. Naona fundi mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema kuhusu klia. Karibu, bwana, tuanze na wewe.